Kwa nini nahodha aligeuza boti Ras Serani? Swali kuhusu matembezi ya jioni baharini, Mombasa

#1 Mwanakuze

Assalaam aleikum. Jumamosi iliyopita nilikodi boti nzima ya injini kwa ajili ya mama yangu, ambaye ametimiza miaka 70, tukafuatana na dada zangu wawili na watoto wao. Marehemu baba alifanya kazi kwenye tagi, zile boti za kuvuta meli, za bandari ya Kilindini kwa miaka 26. Alikuwa akitoka nyumbani Kuze kabla ya adhana ya alfajiri na kurudi na harufu ya dizeli, lakini mama hajapata hata siku moja kuiona Kilindini akiwa juu ya maji, ukiacha zile dakika chache za kuvuka Likoni akiwa amebanwa katikati ya watu. Tulipatana na nahodha siku tatu kabla: shilingi 14,000 kwa saa mbili, atupakie Bandari ya Kale saa kumi na moja jioni, atupitishe mbele ya Ngome ya Yesu, azunguke Ras Serani, aingie Kilindini mpaka usawa wa Mbaraki, kisha aturudishe.

Tuliondoka vizuri. Ngome ilikuwa imepigwa na jua la mwisho, rangi yake kama ya halua iliyokolea, na mama alikuwa ameketi mbele kabisa, chupa ya chai mapajani. Tulipofika mahali ambapo watu wanaokula mihogo Mama Ngina wanaonekana vizuri, boti ikaanza kuinuka na kuanguka. Nahodha akayatazama maji kwa muda, akatazama saa yake, akasema, "Mama, maji hayataki," akageuza. Muda uliobaki akatupeleka juu, chini ya Daraja la Nyali mpaka upande wa Tudor. Hakupunguza muda wala hakuwa na adabu mbaya, lakini alipoulizwa sababu hakuongeza neno. Baadaye niliwauliza mabaharia wawili pale gatini. Mmoja alisema tulihitaji ruhusa, wa pili alisema hakuna boti ya matembezi inayoingia Kilindini jioni. Naomba wanaojua wanieleze: ni ipi sababu ya kweli?

#2 Gati na Ghala

Waaleikum salaam. Sababu ni usalama wa bandari, na sioni haja ya kutafuta nyingine. Tangu tarehe 1 Julai 2004 bandari zote zinazopokea meli za kimataifa zinafuata kanuni za usalama wa meli na bandari ziitwazo kwa kifupi ISPS, na kanuni hizo zinataka mamlaka ya bandari ijue nani anakaribia meli, kutoka nchi kavu na kutoka majini pia. Boti ndogo yenye watoto na simu za kupigia picha, ikipita jioni kando ya meli ya mafuta, ni jambo ambalo mlinzi yeyote lazima alihoji. Nahodha wako alikubali safari kwa sababu alitaka kazi, kisha alipokaribia akaogopa. Hilo ndilo kosa lake, kwani alipaswa kukuambia siku ya kupatana.

#3 Nahodha Mstaafu

Mwanangu Mwanakuze, kabla sijasema lolote naomba unijibu swali moja. Siku hiyo mwezi wa angani ulikuwa wa ngapi?

#4 Mwanakuze

Mzee wangu, ulikuwa mwezi 16. Mama mwenyewe ndiye aliyechagua siku hiyo ili tupate mbalamwezi wakati wa kurudi.

#5 Nahodha Mstaafu

Basi nitaeleza kwa urefu, na mnivumilie.

Watu wengi wanaokodi boti ya jioni huchagua mwezi mpevu kwa ajili ya uzuri wake, na sina ubishi kuhusu uzuri. Lakini mwezi mpevu ni bamvua, yaani maji makubwa, na bamvua la Mombasa lina saa zake. Maji hujaa alasiri, kati ya saa kumi na saa kumi na moja hivi, kisha huanza kupwa, na yanapofika saa nne au saa tano ya usiku yamekwisha kutoka. Tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa siku za bamvua hupita mita 3. Hebu fikirini maji hayo yote yaliyoingia hori la Tudor, mkono ule wa bahari nyuma ya kisiwa, na yale yaliyoingia Kilindini mpaka Port Reitz, sasa yanataka kutoka kwa wakati mmoja, na yote yanakutana pale nje ya Ras Serani kwenye mlango mmoja, kati ya mwamba wa Leven upande wa kaskazini na mwamba wa Andromache upande wa kusini.

Tena huu bado ni wakati wa kusi. Wimbi la kusi linatoka bahari kuu kuingia mlangoni, maji ya kupwa yanatoka mlangoni kwenda bahari kuu, na yanapogongana wimbi husimama. Haliwi refu, lakini ni fupi fupi na la karibu karibu, na hilo ndilo linaloifanya boti ndogo iinuke na kuanguka kama ulivyoeleza. Nahodha wako aliondoka maji yakiwa yamejaa na kutulia, yaani wakati mzuri kabisa, na alipofika rasini yalikuwa yameanza kugeuka. Angeendelea, angepanda mkondo kuingia Kilindini, angesukumwa nao wakati wa kutoka, kisha angepanda tena mkondo kuingia hori la Tudor, wakati huo giza limeshaingia na maji yanakimbia kuliko saa ile aliyogeuza. Aliitazama saa kwa sababu alikuwa anapiga hesabu ya kurudi, kwa kuwa kwenda hakukumtia shaka.

#6 Gati na Ghala

Namheshimu Mzee wa #5, na maelezo yake ya maji siyapingi. Lakini maji yale yale yapo kwa boti za wavuvi wa Likoni na Mtongwe, nao huingia na kutoka kila siku. Mbona wao maji yanawataka?

#7 Kijana wa Likoni

Wavuvi hao ndio jirani zangu, kwa hiyo nitajibu mimi. Mvuvi anapita pembeni, anajua kila jiwe, na hana mama wa miaka 70 kwenye omo, mbele ya chombo. Tena mvuvi mwenye akili hachezi katikati ya njia ya feri. Sisi tuliozaliwa Likoni tunaijua hofu ya maji yale kwa namna ambayo mtu wa kisiwani haijui: tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka karibu kabisa na ufuo na zaidi ya watu 270 wakafa. Mjomba wangu alikuwa amechelewa siku hiyo, akaiona ikizama kutoka juu ya kilima. Mpaka leo havuki kwa njia yoyote, na akilazimika kwenda mjini huzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu.

Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba sababu ilikuwa feri na meli. Saa kumi na mbili jioni watu wanatoka kazini, feri zinapishana moja baada ya nyingine, na boti ya abiria ikikatiza hapo inapaswa kusubiri nafasi. Usiku unazitambua feri na meli kwa taa: ukiona taa nyekundu ya upande wake wa kulia na kijani ya kushoto, ujue inakujia. Nahodha asiyezoea njia hiyo hawezi kusoma taa zile mbele ya taa zote za mji na za makontena.

#8 Shetri

Marekebisho kwa ndugu yetu wa #7, kwa sababu mtu anaweza kulisoma hili akalifuata. Taa nyekundu iko upande wa kushoto wa chombo na ya kijani iko upande wa kulia, kwa mtazamo wa aliyesimama ndani ya chombo akitazama mbele. Ukiziona zote mbili kwa pamoja ndipo chombo kinakuelekea wewe, na nyekundu utaiona upande wako wa kulia. Nadhani hapo ndipo palipokuchanganya.

Kuhusu meli kubwa, kanuni za kimataifa za kuzuia migongano za mwaka 1972 zinasema wazi katika Kanuni ya 9 kwamba chombo chenye urefu usiofika mita 20, na chombo cha tanga, kisizuie njia ya chombo ambacho hakiwezi kupita salama ila ndani ya mlango mwembamba. Meli ya makontena inayoingia Kilindini haina pa kukwepea, na hata ikizima injini itaendelea kwenda. Mwenye boti ndogo ndiye mwenye wajibu wa kukaa mbali.

#9 Kijana wa Likoni

Shukran, Shetri. Ni kweli nimezigeuza.

#10 Leso Nyeupe

Mimi ni mtu mzima wa Kibokoni, na baba yangu alikuwa na mashua ya tanga akibeba makuti na boriti kutoka Lamu. Nilipokuwa msichana alinichukua mara mbili, na kila alipoikaribia ile ras alinyamaza, akasoma Fatiha, akaosha uso kwa maji ya bahari, kisha ndipo akashika usukani vizuri. Hakuwa mtu wa mashetani wala wa kafara, na aliwakemea waliotupa vitu baharini. Alisema tu kwamba mlango wa nyumba una adabu yake, na mlango wa bahari vilevile, na ukibisha hodi usipoitikiwa unarudi. Neno "maji hayataki" nimelisikia kinywani mwake mara nyingi, wala halikuwa na maana ya sayansi peke yake wala ya imani peke yake. Mwanangu Mwanakuze, mtu aliyesema neno hilo mbele ya mama yako hakuwa akikuficha jambo. Alikueleza yote kwa lugha aliyofunzwa.

#11 Injini Mbili

Wote mmezungumza kama watu wasiowahi kununua petroli. Nimekuwa nikimiliki boti mbili za kubeba wageni kwa miaka tisa, na nitawaambia jinsi hesabu inavyokwenda. Nahodha mara nyingi si mwenye boti. Mwenye boti humpimia mafuta ya safari, na hiyo shilingi 14,000 inagawanywa kwa mwenye boti, nahodha, baharia mmoja, mafuta, na yule kijana aliyekuletea mteja. Injini ya nguvu za farasi 40 inayokwenda polepole kwenye maji tulivu ya hori hunywa kidogo, lakini ukiitia kupanda mkondo, na boti ina watu wanane, inakunywa karibu mara mbili. Sisemi nahodha alidanganya kuhusu maji. Maji na mafuta ni jambo moja, kwani maji yakikataa, mafuta ndiyo yanayolipa. Alipotazama maji kisha akatazama saa, mimi nasema kilichokuwa akilini ni dumu lililo chini ya kiti.

#12 Mwanakuze

Bwana Injini Mbili, umenikumbusha kitu ambacho sikukitilia maanani. Kabla ya kugeuza, yule baharia kijana aliinama nyuma karibu na injini, akainua dumu na kulitikisa. Nilidhani analipanga vizuri. Lakini basi, kama ni mafuta, mbona alitupeleka mpaka Tudor? Umbali haukuwa mdogo.

#13 Injini Mbili

Kwenda juu ya hori mkondo ulikuwa ukianza tu, na kurudi mlisukumwa. Ulisikia injini ikinguruma wakati wa kurudi?

#14 Mwanakuze

Hapana. Wakati wa kurudi aliizima kabisa karibu na daraja, tukawa tunateleza na maji, mpaka watoto wakasikia nyimbo za harusi kutoka Kisauni. Mama alisema kwamba hiyo ndiyo sehemu aliyoipenda zaidi.

#15 Nahodha Mstaafu

Mnaona? Alitumia maji yale yale yaliyomkataa rasini. Huyo ni nahodha, na ningependa kumjua.

#16 Mwalimu wa Kale

Samahani nikiingiza historia kidogo, kwa sababu njia aliyopitishwa mama yake Mwanakuze si ya kudharauliwa, na wengi wanaokodi boti hupita wakipiga picha bila kujua wanachopiga. Ngome ya Yesu ilijengwa na Wareno kuanzia 1593 hadi 1596, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na tangu 2011 iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Boti inapopita mbele yake inapita karibu na mahali ilipozama meli ya Wareno Santo António de Tanná, iliyokuja kutoka Goa kuwaokoa waliozingirwa na Waomani, ikazama mwaka 1698 ngome ilipotekwa. Ukiendelea ndani unaona ngazi za Leven, zilizopewa jina la meli ya Kiingereza ya miaka ya 1820, na pia mnara mweupe wa msikiti wa Mandhry, ambao huhesabiwa kuwa wa mwaka 1570. Mtu akiwa majini jioni, taa za msikiti zikiwashwa, anaelewa kwa nini mji ulielekezwa upande huu. Kilindini ilikuwa nyuma ya nyumba.

#17 Umande

Mwalimu, nakubaliana nawe ila kwa mwaka mmoja. Meli ilizama 1697, mzingiro ukiwa bado unaendelea. Mzingiro ulianza Machi 1696 na Ngome ilianguka Desemba 1698. Wapiga mbizi walioichimba kati ya 1977 na 1980 walitoa vitu vingi ambavyo viko kwenye makumbusho humo Ngomeni, na nawashauri watu waende wakavitazame mchana, kisha wapande boti jioni. Nilifanya hivyo na wanafunzi wangu, na mmoja aliinama juu ya ukingo akitazama maji kwa muda mrefu mpaka nikamshika ukosi.

#18 Mwalimu wa Kale

Ahsante kwa kunisahihisha. Ni 1697.

#19 Mvuvi wa Mtwapa

Ningependa kuwashauri wote mje Mtwapa. Hori letu halina feri wala meli kubwa wala walinzi.

#20 Kijana wa Likoni

Ndugu yetu, kila uzi unaohusu bahari wewe jibu lako ni Mtwapa. Hata uzi wa mwaka jana kuhusu bei ya nguru ulituita Mtwapa.

#21 Mvuvi wa Mtwapa

Na mlikuja, na nguru mlimpata.

#22 Machweo

Kuna jambo la msingi ambalo halijatajwa. Jua huzama magharibi, na Bandari ya Kale iko mashariki mwa kisiwa. Mtu anayetaka kuona jua likizama juu ya maji hawezi kuliona kutoka mbele ya Ngome, kwa sababu litazama nyuma ya nyumba za Mji wa Kale. Atakachokiona ni kuta zikibadilika rangi. Jua lenyewe huonekana vizuri ukiwa Kilindini, likishuka upande wa bara nyuma ya Changamwe na Miritini. Kwa hiyo wateja wengi huomba Kilindini kwa ajili ya picha, na manahodha wengi huahidi wakijua hawataenda, maana mwisho wa siku mteja akipata taa za Ngome anasahau jua. Mimi nimeahidiwa mara tatu, na nimepelekwa mara moja.

Tena ikumbukwe kwamba kwetu jua halina subira. Mwezi wa Novemba huzama kama saa kumi na mbili na dakika kumi, Februari huchelewa mpaka karibu saa moja kasorobo, na kila mara giza hufuata upesi. Anayeondoka saa kumi na moja amebakiwa na saa moja na kidogo ya mwanga, na hiyo haitoshi kwenda Mbaraki na kurudi.

#23 Gati na Ghala

Namuuliza Machweo: hiyo mara moja uliyopelekwa, mliingia kwa ruhusa?

#24 Machweo

Ilikuwa 2017, shughuli ya harusi, boti kubwa ya watu zaidi ya 40. Mwenye shughuli alikuwa ameshughulikia barua wiki nzima kabla. Tulipofika usawa wa feri, boti ya doria ilikuja, wakazungumza na nahodha kwa dakika mbili, wakatupungia mkono, tukapita. Tulikaa mbali na meli na hatukusimama popote.

#25 Gati na Ghala

Basi nimejibiwa. Bila barua, boti ile ya doria isingewapungia mkono.

#26 Nahodha Mstaafu

Na siku hiyo mwezi ulikuwa wa ngapi?

#27 Machweo

Mzee, sikumbuki, lakini nakumbuka kwamba kulikuwa na giza na nyota nyingi sana.

#28 Nahodha Mstaafu

Giza na nyota za mapema ni mwezi wa ishirini na kitu. Maji mafu, yaani yanayojaa na kupwa kidogo. Ndiyo maana barua ilifaa.

#29 Ukingo

Kuna mtu amefikiria kuzunguka kisiwa chote badala ya kutoka nje ya ras? Daraja jipya la Makupa lililofunguliwa 2022 lilichukua nafasi ya lile tuta la zamani lililoziba maji, na tangu hapo maji yanapita tena kati ya Tudor na Port Reitz. Mtu angeweza kufika Kilindini kwa mlango wa nyuma, bila wimbi la kusi.

#30 Injini Mbili

Nilijaribu. Nilikwenda na boti yangu ndogo, maji yakiwa yamejaa, nikafika mahali ninapoona nguzo za daraja, mikoko iko pande zote na matope yananuka. Kina kilipungua mpaka injini ikaanza kutifua udongo, nikaiinua, nikashika upondo. Maji yakaanza kupwa nikiwa hapo. Niligeuka upesi, kwa sababu boti ikikaa kwenye tope la Makupa itakaa mpaka maji mengine. Simshauri mtu apeleke mama yake huko usiku.

#31 Shetri

Pia kuna suala la cheti. Mamlaka ya Usafiri wa Baharini hukagua vyombo na kutoa leseni, na cheti cha boti niliyoifanyia kazi kilitaja idadi ya abiria na maji ambayo chombo kinaruhusiwa kutembea. Chetu kilituruhusu ndani ya hori tu. Mteja alipoomba atolewe nje ya ras, nahodha wetu alikataa moja kwa moja, na mteja akadhani ni uvivu. Kabla ya kulipa, omba kuonyeshwa cheti, hesabu jaketi za uokoaji, na hakikisha za watoto zipo kwa ukubwa wao, kwa sababu jaketi ya mtu mzima humvuka mtoto kichwani mara tu anapoingia majini. Mwanakuze, mlivaa?

#32 Mwanakuze

Tulivaa wote, isipokuwa mama. Alisema inambana kifua. Nahodha alisimamisha boti na kukataa kuondoka mpaka alipoivaa, akamfunga kamba yeye mwenyewe kwa heshima, juu ya buibui.

#33 Leso Nyeupe

Hapo mimi nimemaliza maneno kuhusu huyo nahodha.

#34 Kijana wa Likoni

Nimerudi na habari, na nadhani zinabadilisha mambo. Nimemuuliza jirani yangu anayeuza maji ya kunywa pale kivukoni, naye anakumbuka Jumamosi hiyo, kwa sababu feri zilizuiwa kwa muda wakati meli kubwa ya magari, ile ya umbo la sanduku, ilipokuwa ikiingia na tagi mbili, na abiria walijaa mpaka barabarani. Anasema ilikuwa kabla ya Magharibi. Kama ni hivyo, nahodha aliiona ikitoka nje kuelekea mlangoni, na hakutaka kuwa ndani ya mlango mmoja nayo. Kanuni ya 9 aliyoitaja Shetri.

#35 Nahodha Mstaafu

Kama ni meli, angesubiri pembeni dakika 20 kisha aingie nyuma yake. Meli inayoingia haizuii njia usiku kucha.

#36 Shetri

Angesubiri wapi, Mzee, kwenye wimbi hilo ulilotueleza?

#37 Nahodha Mstaafu

Hapo umenishika.

#38 Injini Mbili

Na kusubiri ni mafuta.

#39 Mwanakuze

Nawashukuru nyote. Jana usiku nilimsomea mama uzi huu tangu mwanzo, na alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akaniambia kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Alimwomba baba mara nyingi ampitishe Kilindini siku ya mapumziko, na baba alikataa kila mara, akisema kwamba mahali pale ni kazini, na kwamba mtu anayewapeleka watoto wake kutalii kazini kwake bahari humzoea vibaya. Kwa hiyo Jumamosi nahodha alipogeuza, yeye hakuudhika hata kidogo. Alifikiri, "Na huyu pia." Mimi niliyemwona kimya nilidhani amevunjika moyo.

Hata hivyo bado anataka kwenda. Mzee wangu wa #5, nichague siku gani?

#40 Nahodha Mstaafu

Subiri kaskazi itulie, baada ya Desemba kuanza. Chagua maji mafu, mwezi 8 au 23. Siku hizo maji huwa yamepwa alasiri, saa kumi hivi, na mkondo wake ni mdogo. Ondokeni saa kumi: mtaingia Kilindini maji yakiwasukuma, mtatoka kabla jua halijazama, na mtaingia tena hori la Tudor maji yakiwa upande wenu. Mbalamwezi hamtaipata kama mlivyoipata, hilo lazima mama akubali. Barua anayoisema Gati na Ghala itafuteni mapema, kwani kwa jambo hilo simbishii. Dumu la pili la mafuta lilipieni wenyewe.

#41 Leso Nyeupe

Na mama asikae mbele safari hii, akae katikati, na abebe leso nzito ya kujifunika mabega.

#42 Mwanakuze

Inshallah. Ana swali moja la mwisho, ananisimamia hapa nikiandika: aketi upande gani ili azione gati?

#43 Nahodha Mstaafu

Mwambie mama, upande wa kulia wakati wa kuingia, wa kushoto wakati wa kutoka. Kama ana macho mazuri, tagi ataziona kabla ya kufika Mbaraki.